Upanga, Zamu na Sindano ya Shaba: Uhalisia na Mwendo wa Mapigano katika Gemu na katika Tenzi

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili zoezi ambalo tumekuwa tukilitoa, kwa maneno yanayobadilika kidogo tu, kwa zaidi ya miaka kumi: wajadili matumizi ya chuku katika usawiri wa mapigano ya tenzi za kale. Tulisahihisha karatasi 42, na majibu yalifanana kama shilingi kwa ya pili. Chuku ni kutia chumvi. Mtunzi hutia chumvi ili kumkweza shujaa. Mfano, mtu mmoja kuwashinda mamia. Basi. Wakapata alama zao. Mwanafunzi mmoja peke yake aliongeza sentensi ambayo haimo katika maandishi yetu ya somo. Alisema mapigano ya tenzi hayana uhalisia wala mwendo, na kwamba ya gemu ni afadhali. Tulimkata alama moja kwa kutotoa ushahidi, kisha tukamwita ofisini aulete.

Makala haya yametokana na ushahidi huo. Alikuja na kompyuta yake ya mkononi, akaiweka juu ya lundo la karatasi za wenzake, akatuonyesha mapigano kwa muda wa saa mbili mpaka umeme ukakatika. Akarudi Ijumaa iliyofuata. Mara ya tatu alituachia padi tucheze wenyewe. Tulikufa mara 11 mbele ya adui ambaye yeye alituambia ni mlinzi wa mlango tu.

Tunajua kuna wenzetu watakaouliza gemu zina uhusiano gani na Idara ya Kiswahili. Tungeweza kuwajibu kwa wimbo: wimbo mkuu wa gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005, uliotungwa na Christopher Tin, huimbwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno yake ni Sala ya Bwana, na mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, wimbo wa kwanza wa gemu kuipata. Lakini jibu letu hasa ni la kazi. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu tunaowaandaa hapa Kampala watakutana na watoto waliokwisha kupigana na mazimwi 300 kabla ya kusikia ubeti mmoja wa utenzi. Watoto hao watauliza swali la yule mwanafunzi wetu, na jibu la 'hiyo ni chuku' halitawatosha. Kusema kweli halikupaswa kututosha sisi.

Tuanze na gemu zenyewe. Tunazozizungumzia ni zile za kujivika uhusika katika ulimwengu wa kubuni, wenye uchawi, majini na falme. Mchezaji humchukua mhusika mnyonge, akamlea, akampatia silaha na ujuzi mpaka akawa shujaa. Asili yake si kompyuta. Ni mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambao nao ulichipuka kutoka michezo ya vita vya sanamu ndogondogo. Kutoka huko ndiko kulikotoka mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni zamu: mimi nipige, kisha wewe upige. La pili ni uhai wa kuhesabika: kila mhusika ana alama kadhaa za uhai, kila pigo hupunguza alama, na zikifika sifuri ameanguka.

Mtu anayeyaona mambo haya kwa mara ya kwanza, kama sisi, huona mara moja kwamba hakuna uhalisia hapa. Katika gemu ya Kijapani ya Final Fantasy, iliyoanza mwaka 1987, mashujaa wanne husimama upande mmoja na maadui upande wa pili, wakatazamana kama timu mbili kabla ya wimbo wa taifa, na kila mmoja akangoja zamu yake ya kukatwa. Tena mhusika aliyebakiwa na alama moja ya uhai katika 60 hupiga kwa nguvu ile ile aliyoanza nayo. Hachechemei. Hatetemeki mkono. Yuko mzima kabisa mpaka anapokuwa maiti. Mwanafunzi wetu alikubali haya yote bila ubishi, lakini akasema hizo ni gemu za zamani, na kwamba siku hizi mapigano huenda kwa wakati halisi.

Hapo ndipo tulipoanza kutofautiana naye, maana alikuwa amechukulia kwamba wakati halisi ndio uhalisia. Alituonyesha Skyrim, gemu ya Marekani ya mwaka 2011 ambayo wanafunzi wengi wa mabweni ya Kikoni wanaijua kuliko ratiba ya mihadhara. Hakuna zamu humo. Unalikabili jitu, jitu linakupiga, unakimbia, unarudi, na mambo yote yanakwenda kama saa inavyokwenda. Ilimradi usifungue mkoba. Ukifungua mkoba, ulimwengu wote husimama. Rungu la jitu limekwisha inuliwa, limesimama hewani juu ya kichwa chako, nawe unakaa ukala mikate, jibini na kabichi, na ukitaka, nyama mbichi pia, mpaka uhai umejaa pomoni. Kisha unafunga mkoba, na rungu linaendelea na safari yake. Tulicheka sana. Mwanafunzi naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyezoea jambo mpaka asilione.

Kosa la Skyrim, kwa maoni yetu, si kwamba kuna jitu. Majitu tunayakubali, sisi ni watu wa fasihi simulizi. Kosa ni kwamba wakati umepewa bei ya bure. Mchezaji anaweza kuusimamisha apendavyo, akajitibu apendavyo, na kwa hiyo hakuna pigo lolote lenye gharama. Pambano limekuwa na sura ya haraka, lakini ndani yake halina haraka yoyote.

Linganisha na Dark Souls, gemu ya Japani ya mwaka huo huo wa 2011, ambayo ndiyo iliyotuua mara 11. Nayo ina mazimwi, mifupa inayotembea na wafalme waliogeuka majivu, yaani kwa vitu vilivyomo haina uhalisia kuliko Skyrim. Lakini huwezi kuisimamisha. Ukifungua mkoba, adui anaendelea kuja. Ukitaka kunywa dawa, mhusika wako husimama, akainua chupa, akanywa, na muda huo wote yuko wazi. Kuna mstari wa kijani unaoonyesha pumzi zake: kila pigo hula pumzi, kila kukinga kwa ngao hula pumzi, kila kuruka pembeni hula pumzi, na zikiisha unabaki umesimama kama mgomba. Kwa hiyo mchezaji anajifunza jambo ambalo kila aliyewahi kupigana uwanjani utotoni analijua, kwamba sehemu kubwa ya pambano si kupiga. Ni kungoja, kuzunguka, kutazama bega la mwenzako, na kujizuia usipige.

Mwanafunzi alitaka tuzitazame na gemu nyingine mbili. Moja ilikuwa Kingdom Come: Deliverance ya mwaka 2018, kutoka Jamhuri ya Cheki, isiyo na uchawi wowote. Shujaa wake ni mtoto wa mhunzi katika Bohemia ya mwaka 1403. Hajui kushika upanga, na wakimzunguka watu watatu mara nyingi amekwisha. Tuliipenda, ila hatutakaa nayo hapa, kwani hiyo imetafuta uhalisia kwa kuondoa ndoto, na swali letu ni kama ndoto inaweza kuwa nao. Nyingine ni Aurion, iliyotolewa mwaka 2016 na vijana wa Kiro'o Games wa Kamerun, ambamo mwanamfalme Enzo Kori-Odan na mkewe Erine hupigana kwa nguvu wanazozipata kutoka kwa wahenga wao. Mapigano yake ni ya kasi mno kwa mikono ya mtu wa umri wetu, lakini wazo la kwamba nguvu ya upanga inatoka kwa waliokufa ni wazo tulilolitambua bila mkalimani.

Ikumbukwe pia kwamba zamu hazikufa. Baldur's Gate ya mwaka 1998 ilijaribu kuchanganya mambo mawili: vita vilikwenda vyenyewe, kwa raundi za sekunde sita sita, lakini mchezaji aliweza kuvisimamisha akatoa amri. Mwaka 2023 ilipotoka Baldur's Gate ya tatu, watengenezaji wake, Larian wa Ubelgiji, waliacha mchanganyiko huo wakarudi kwenye zamu kamili, na gemu hiyo ikatunukiwa tuzo kubwa za mwaka. Kama wakati halisi ungekuwa ndio kipimo cha uhalisia, wachezaji wangeikimbia. Hawakuikimbia, kwa sababu katika zamu zake kila uamuzi una bei, na ukikosea unailipa.

Sasa turudi kwenye tenzi, tukiwa na macho haya mapya.

Mwanafunzi wetu alikuwa amelalamikia hasa Utenzi wa Rasi'l Ghuli wa Mgeni bin Faqihi, uliochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1979, wenye zaidi ya beti 4,000. (Jina la Rasi'l Ghuli, ambalo maana yake ni kichwa cha zimwi, lilizua vicheko darasani, kwa kuwa vijana wanalijua kutoka kwa adui wa Batman. Tuliwaambia kwamba adui huyo alizaliwa katika vitabu vya katuni mwaka 1971, na kwamba jina lenyewe ni la Kiarabu, kongwe kuliko Batman na babu yake.) Lalamiko lilikuwa kwamba majeshi mawili yanakutana, halafu badala ya kupigana yanasimama kutazama. Anatoka mtu mmoja, anajitaja jina na ukoo, anajisifu, anadai mpinzani. Anatoka mpinzani, naye anajitaja, naye anajisifu. Wanapigana, mmoja anapasuliwa, anatoka mwingine. Nani amewahi kuona vita vya namna hii?

Jibu ni kwamba vimeonekana. Pambano la mmoja kwa mmoja mbele ya majeshi, ambalo Waarabu waliliita mubaraza, lilikuwa desturi ya vita vya zama hizo. Vita vya Badri vya mwaka 624 vilianza hivyo, watu watatu kwa watatu, kabla majeshi hayajachanganyika. Hivyo basi kile ambacho mwanafunzi alikiona kuwa ni zamu za gemu ya zamani ni sehemu ya uhalisia wa kihistoria, na sisi tuliokuwa tukimfundisha kwamba ni chuku tulimpoteza. Chuku ipo, wala hatuikani, lakini haimo pale tulipoionyesha.

Kuna jambo la fani pia. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti mpaka mwisho wa utenzi. Tulikaa na saa tukapima: kuusoma ubeti mmoja kwa sauti, bila kughani, huchukua baina ya sekunde nane na kumi. Mtunzi hawezi kuuharakisha wala kuurefusha. Kina cha mwisho kinagonga, ubeti umekwisha, uje mwingine. Kwa maneno mengine mtunzi wa utenzi anafanya kazi ndani ya raundi, kama mtengenezaji wa Baldur's Gate, na uhuru alio nao ni mmoja tu: aamue raundi ngapi azitumie kwa jambo gani. Kila apatapo nafasi, mtunzi wa tenzi za vita hutumia beti nyingi kwa majigambo na beti chache sana kwa pigo. Tulikuwa tukiwaambia wanafunzi kwamba hapa utenzi 'unachelewesha tukio ili kujenga taharuki'. Sasa tunaona kwamba ni sahihi zaidi kusema kuwa utenzi unalipa kila jambo muda wake. Pigo la upanga ni la nukta moja. Hofu kabla yake ni ndefu.

Lakini tusiwe mawakili wa tenzi kwa kila kosa. Baada ya kusema haya tulirudi kuusoma Rasi'l Ghuli kuanzia mwanzo, kwa nia njema kabisa, na ukweli ni kwamba kuna sehemu ndefu ambazo mwanafunzi wetu alikuwa na haki. Si kwa sababu adui wanaanguka wengi. Ni kwa sababu msomaji anajua, tangu shujaa anapoinuka, kwamba hakuna kitakachopungua kwake. Hana mstari wa kijani. Utenzi hapo umekuwa Skyrim: mkoba upo wazi, jibini haliishi. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani, unatuvutia zaidi kwa sababu ya kinyume. Wanahistoria wanakubaliana kwamba safari ya Tabuki ya mwaka 630 haikuishia kwenye pambano kubwa na majeshi ya Rumi. Vita vikubwa vya utendi huo vimejengwa na fikra za washairi na wasimulizi. Hata hivyo nyuma ya utendi umo uchungu wa Muta, vita vya mwaka 629 ambamo Jaafari aliuawa, na kwa hiyo mapigano yote yanayofuata yanafanyika kwa ajili ya mtu aliyekwisha kupotea. Gharama imelipwa kabla ya pigo la kwanza. Pambano la kubuni limeegemea kifo cha kweli, na tunadhani ndiyo maana linasimama.

Wakazi wa Kampala hawahitaji kwenda mbali ili kuelewa suala la mwendo. Wamelelewa nalo katika vibanda vya video, ambako VJ husimama na kipaza sauti akaisimulia filamu ya kigeni kwa Kiganda huku inaendelea. VJ kama Jingo hawezi kuibadilisha kasi ya filamu, kama mghani asivyoweza kuibadilisha mizani, lakini anaweza kuamua wapi aseme na wapi anyamaze, na watazamaji huhema kwa amri yake. Filamu ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Who Killed Captain Alex ya mwaka 2010, inajulikana duniani kote kwa mapigano yake ya bei nafuu, helikopta zilizochorwa na damu ya kumwagwa. Hakuna anayesadiki risasi hata moja. Lakini sauti ya VJ Emmie juu ya mapigano hayo ndiyo inayoyapa mwendo, na wageni wanaodhani wanaicheka filamu kwa ubovu wake hawajatambua kwamba wanaongozwa na msimulizi stadi. Bila yeye, mapigano yale yangekuwa watu wanaokimbia kwenye matope.

Tumeuacha Utenzi wa Fumo Liyongo mpaka hapa kwa makusudi, kwa kuwa ndio uliotubadilisha mawazo. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliuandika mwaka 1913, na kila mwaka tunausoma darasani, na kila mwaka tulikuwa hatuoni jambo lililo wazi: huu ni utenzi wa shujaa mkubwa wa vita usio na vita karibu kabisa. Ukitazama matukio yake, Liyongo anatembea safari ya siku nyingi kwa siku moja. Anavuna makoma kwa mishale ili asipande mti ambao wenzake walipanga kumpigia juu yake. Anafungwa gerezani, mama yake anampelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, naye anakata pingu huku ngoma na kelele za waimbaji zikiizima sauti ya chuma. Haya yote ni hila na subira. Kasi yake ni ya mtu anayekata chuma polepole na kusikiliza nje.

Halafu inakuja sindano. Liyongo haingii silaha yoyote ila sindano ya shaba ikimpata kitovuni. Vijana wetu waliitambua mara moja: kila zimwi kubwa la gemu lina mahali pake padogo pa kupigwa, na kazi ya mchezaji ni kupatafuta. Ila katika gemu mchezaji hupatafuta kwa kupigwa mara nyingi. Katika utenzi anayepatafuta ni mwana wa Liyongo mwenyewe, aliyeahidiwa na mfalme wa Pate uwaziri na mke, naye anapatafuta kwa kumuuliza baba. Na baba anamjibu, ilhali anashuku anachokwenda kufanya. Kisha mwana anangoja. Anamjia baba akiwa amelala, baba anashtuka, anaacha, anangoja tena. Hakuna pambano la bosi katika gemu yoyote tuliyoonyeshwa lenye mwendo wa kutisha kama huo, na hakuna upanga uliovutwa.

Hata hapo utenzi haujamaliza. Liyongo, akiwa na sindano mwilini, anainuka, anachukua upinde na mishale, anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale kwenye upinde kama anayetaka kupiga, na katika hali hiyo anakufa. Watu hawajui. Wanamwona kwa mbali amepiga goti, mshale uko tayari, na hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Siku zinapita, mji una kiu. Wanamwomba mama yake aende akambembeleze mwanawe, naye anasimama mbali akimbembeleza, na hajibiwi. Mpaka mwili wenyewe unaanguka.

Tulipofundisha sehemu hii zamani tuliandika ubaoni: chuku. Maiti haiwezi kukaa imepiga goti kwa siku kadhaa. Muhula huu tuliisoma katika semina ya uzamili, na tukawauliza wanasemina kama tukio hilo lina uhalisia. Mmoja wao ni mwalimu wa sekondari kutoka kaskazini, mtu mzima aliyerudi chuoni, ambaye utotoni aliishi katika kambi wakati wa vita vya huko vilivyokwisha mwaka 2006 hivi. Kwa kawaida hasemi sana. Alisema: 'Mwalimu, mimi sijui kama mtu huuawa kwa sindano. Lakini hapo kisimani napajua.' Tukamwomba aendelee kama hatajali. Alisema maji yalikuwa nje ya kambi. Asubuhi moja mtu fulani alisema ameona kitu kimesimama kwenye nyasi, upande wa kisima. Hakuna aliyejua kama ni mtu au kisiki. Madumu yalipangwa foleni, na foleni ikakaa hapo hapo mpaka jua la saa nane. 'Hakuna aliyepigwa siku hiyo,' alisema. 'Ndiyo siku ninayoikumbuka.' Mwenzake aliyekaa jirani naye alimsogezea chupa ya maji, kisha akaona alichofanya, akaona haya. Yule mwalimu aliinywa.

Tangu siku hiyo hatuwezi kuandika neno lile ubaoni bila kusita. Chuku ipo katika goti la maiti, lakini kipimo cha uhalisia wa tukio kiko kwa watu wenye mitungi mitupu, na kwao Kijumwa hajatia chumvi hata chembe. Amewapa siku zao zote. Watengenezaji wa gemu wenye fedha nyingi kuliko mji mzima wa Lamu hutumia nguvu zao kuchora jinsi damu inavyoruka. Ni wachache mno wanaothubutu kumfanya mchezaji angoje kwa hofu asijue anachongojea.

Yule mwanafunzi wa mwaka wa pili tulimrudishia alama yake. Lile swali la chuku tumeliondoa katika mtihani, na badala yake tumewapa wanafunzi, katika vikundi vya watu watano, kazi ya kuipanga sehemu ya kisimani iwe gemu: nani awe mchezaji, abofye nini, na kungoja kudumu muda gani. Vikundi vinne vimemfanya mchezaji kuwa Liyongo, jambo lililotushangaza, maana tayari amekufa. Kimoja kimemfanya kuwa mwana. Kimoja kimemfanya kuwa mwanamke mwenye mtungi, anayeweza kupiga hatua moja mbele au hatua moja nyuma na hakuna kingine, nao hadi tunapokwenda mitamboni wamegombana juu ya idadi ya siku: wawili wanataka tatu, wawili saba, na wa tano anasema mchezaji asiambiwe. Karatasi zao zipo katika ofisi ya idara, kwenye faili la kijani. Mwenye kutaka kuzisoma na azisome kabla ya likizo.